Kitambaa cha Rangi ya Maziwa

9 Machi

Mwanangu mpendwa, mama,

Salamu ziwe za kwanza. Vipi hali yako, vipi baridi ya huko, na kile kikohozi kimeondoka au bado mnaishi pamoja? Mimi sijambo. Goti la kulia linanisumbua nikikanyaga cherehani, lakini nimelizoea kama mpangaji asiyetaka kuhama. Mama Vifungo wa duka la jirani anakusalimu. Anauliza huko wanafunga nguo kwa vifungo vya namna gani, maana yeye kuijua nchi ya watu huanzia hapo.

Shangazi yako anakuja huko kununua bidhaa zake kama kawaida, nami nimempa koti akuletee. Ni la sufu nyeusi. Nimetumia vipimo vyako vilivyo nyuma ya mlango wa duka, vile nilivyoandika kwa chaki wiki uliyoondoka. Miaka sita hakuna aliyevifuta. Hata mwaka ule tulipopaka rangi, nilimwambia mpakaji azunguke hapo, akazunguka huku anaguna.

Sasa sikiliza. Pindo la chini, upande wa kushoto, nimelishona kwa uzi mwekundu. Koti jeusi, uzi mwekundu. Utasema mzee amechoka. Litazame vizuri ukiwa peke yako.

Kaka yako ametimiza miezi mitano tangu tumzike. Ile ripoti ya siku ya maandamano ilitoka. Inasema aliteleza kutoka kwenye paa la kituo cha basi alipokuwa anapiga picha. Nimeisoma mara tatu. Waliosema aliteleza ni wengi kuliko waliokuwepo. Mimi sikuwepo, kwa hiyo nimenyamaza.

Viatu vyake bado viko mlangoni. Kila asubuhi navisogeza nifagie, halafu navirudisha, kimoja kikiwa kimelala ubavu kama alivyokuwa akikiacha. Marehemu mama yako alimpigia kelele miaka ishirini kwa sababu ya kiatu kile kimoja.

Shangazi yako atakuwa huko siku nne. Ukijibu, mpe barua mkononi, na bahasha uibandike kwa gundi ya viatu. Unamjua.

Baba yako


12 Machi

Shikamoo baba,

Natumaini barua hii itakukuta salama wewe na goti lako. Kikohozi kimehama. Koti nimelipata. Mabegani limekaa kama umenishonea jana. Kiunoni linanipwaya kidogo, nimepungua, ila usimwambie shangazi maana atanitafutia dawa.

Nilipoona uzi mwekundu nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Nilikumbuka ulivyofumua gauni zima la bibi harusi, watu wanasubiri nje na gari linawaka, kwa sababu uzi wa mkono mmoja ulikuwa umekolea kidogo kuliko wa pili. Nikachukua wembe. Nimekuta kadi ya kamera, ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Baba, umekaa nayo miezi mitano?

Nimeitazama. Ni dakika arobaini na moja. Barabara nzima watu, wanatembea taratibu kama wanaotoka ibadani. Kuna mzee amebeba kiti chake kichwani, kila wakisimama anakaa. Kaka haonekani, yuko juu ya kituo cha basi, anawapiga picha wakipita. Halafu unasikia mlio, na mwingine, watu wanakimbia, na mlio wa tatu uko karibu sana. Picha inageuka, kamera inaanguka chali. Dakika nne za mwisho ni anga tu, na kelele za watu, na mtu mmoja anayelia kwamba mpiga picha amepigwa risasi.

Baba, hakuteleza.

Unajua tulivyoachana mimi naye. Niliandika kwenye gazeti kwamba wapiga picha wa runinga ya serikali ni mashahidi waliofumba jicho moja. Sikumtaja, lakini ni nani mwingine niliyemjua? Miaka miwili hakunipigia simu, nami nikasema akitaka atapiga. Nilikuwa msanii, bwana, nina msimamo. Yeye alikuwa anapiga picha mawaziri wakikata utepe, akirudi nyumbani anakusaidia kupanga vitambaa.

Kuna ukumbi wa sanaa hapa umenipa chumba kimoja mwezi wa saba. Nilitaka kuonyesha kitu kingine. Sasa nataka kuonyesha hiki, filamu ya kaka, kwenye ukuta mzima. Lakini kamera ilikuwa yake mwenyewe, kwa hiyo wanataka karatasi yenye sahihi ya baba wa marehemu. Nimeiweka humu ndani. Mwezi wa kumi na mbili nitakuja nyumbani, tutaongea yote. Tiketi nimeshaanza kuangalia.

Binti yako


10 Aprili

Mama,

Nimepokea barua yako na nimefurahi kuuona mwandiko wako, ingawa habari zenyewe si za kufurahia. U mzima? Unakula? Mtu hapungui kiuno kwa hewa.

Umeniuliza kuhusu kadi. Alinipa fundi sauti aliyekuwa akifanya naye kazi, mtu mrefu aliyekuja msibani akakaa karibu na mlango. Gari la runinga liliamriwa lirudi ofisini kabla maandamano hayajafika barabara kuu. Kaka yako akamwambia dereva, "Nyinyi nendeni, mimi nina haja ndogo." Akashuka na kamera yake mwenyewe, ile ya kupigia harusi. Fundi sauti akashuka naye. Ndiye aliyeitoa kadi kwenye kamera. Siku ya mazishi alinipa mkono wa pole, na nilipoufungua mkono wangu nikaikuta. Nikaiweka kwenye kopo la vifungo vilivyovunjika, ambalo hakuna mtu anayelifungua. Sikukaa nayo kwa sababu ya woga tu. Nilikuwa nikisema, wakati kadi imo humo, kuna kitu chake ambacho hakijaisha.

Sijatia sahihi. Usikasirike.

Wiki iliyopita alikuja bwana mmoja, mpole, viatu safi. Anataka suruali mbili. Nikampima. Nilipokuwa nimepiga magoti napima mguu wa ndani akasema kwa upole huko juu, "Mzee, pole kwa kijana. Tulimpenda sana kazini." Nikasema ahsante. Akasema, "Binti yako naye tunasikia anafanya filamu huko. Sanaa nzuri. Ila sanaa ikivaa siasa, haimkai mtu vizuri." Mama Vifungo alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai. Akamwambia, "Wewe suruali yako mwenyewe haijakukaa bado, unaanza kupima za wenzako?" Yule bwana akacheka. Mimi nilisahau namba ya kiuno, ikabidi nipime upya.

Nina swali moja tu, nalo si la siasa. Katika hizo dakika arobaini na moja, sauti yake imo? Yeye alipiga picha watu wote, harusi zote za mtaa huu, lakini mwenyewe hayumo hata kwenye moja. Nimetafuta. Ninazo picha zake za shule na ya kitambulisho. Sauti sina kabisa. Jana nilijaribu kuikumbuka akisema "Mzee, umekula?" nikaipata, lakini ilikuwa imeanza kufanana na yangu.

Baba yako


14 Aprili

Shikamoo baba,

Pole kwa yule mteja. Usimjibu kitu, mshonee tu. Na umwambie Mama Vifungo ninamheshimu ila apunguze.

Sauti yake haimo. Nimetafuta. Anapofanya kazi hasemi, unamjua, hata pumzi alikuwa anaibana ili kamera isitikisike.

Nimemaliza kuitengeneza filamu ili uione kabla ya kuamua. Ndani ya soksi za sufu nilizompa shangazi akuletee kuna simu yangu ya zamani, haina laini, Mama Vifungo atakuonyesha pa kubonyeza. Nimetoa vipande visivyofaa, vile vya mwanzo mwanzo anapoandaa kamera na haionyeshi kitu. Pia picha zote zilikuwa na rangi ya buluu, kama zimepigwa kwenye jokofu. Nadhani kamera ilikuwa mbovu. Nimezisafisha, sasa ngozi za watu zinaonekana kama ngozi.

Lazima nikwambie jambo moja waziwazi. Msimamizi wa ukumbi amezungumza na wakili. Wakili anasema nikionyesha filamu pamoja na zile dakika nne za mwisho, nitakuwa nimeiita ripoti uongo mbele ya dunia, na nisitegemee kukanyaga nyumbani. Si mwezi wa kumi na mbili, si mwaka ujao, pengine hata milele. Msimamizi akashauri filamu iishie pale watu wanapotembea, kabla ya mlio. Akasema itakuwa kazi ya kisanii hata zaidi, mtazamaji ajazie mwenyewe. Nilivaa koti nikatoka.

Lakini baba, nimelala nikiwaza hivyo hivyo. Nikizikata, nitakuja, nitakaa pale kwenye kiti cha wateja nikutazame ukishona. Nisipozikata, kaka atakuwa amesemewa. Siwezi kuamua peke yangu. Karatasi mpya niliyoiweka humu ina mistari miwili, mmoja wa filamu nzima na mmoja wa filamu iliyokatwa. Utie sahihi utakapoona panafaa.

Binti yako


19 Mei

Mama,

Sisi huku wazima. Mvua zimeanza na bati la duka linavuja palepale pa mwaka jana, kwa hiyo tunalijua. Nimechelewa kukujibu kwa sababu shangazi yako aliahirisha safari, na kwa sababu nyingine.

Nimeiona. Mama Vifungo alifunga duka lake, tukakaa wawili nyuma ya pazia la kujaribia nguo, simu tumeiegemeza kwenye pasi. Yule mzee wa kiti namjua, nimewahi kumfupishia mikono ya shati. Ilipofika mwisho, pale kwenye anga, Mama Vifungo alinishika mkono na hakusema neno, na wewe unajua hilo ni jambo kubwa kwake.

Umeifanya vizuri sana. Ila mwanangu, usiudhike, mimi ni fundi wa nguo na sijui mambo yenu. Hayo si macho yake.

Kaka yako picha zake zote ni za buluu. Harusi zote za mtaa huu maharusi wana rangi ya watu waliotoka kuoga maji baridi. Wenzake walimtania na wateja wakalalamika, lakini hakuacha. Ulipoiondoa buluu, nikaiona barabara, nikawaona watu, lakini sikumwona yeye akitazama.

Halafu kitambaa kiko wapi? Wewe hukuwahi kukiona, ulikuwa umeshaondoka. Aliponunua ile kamera aliniambia, "Mzee, kamera haijui rangi. Kila ukiiwasha lazima uionyeshe kitu cheupe uiambie, hiki ndicho cheupe, ndipo ijue zilizobaki." Wengine hutumia karatasi. Nikamwambia karatasi itachakaa, nikamkatia kitambaa cheupe, cha ukubwa wa leso, nikakipinda pindo pande zote nne kwa mkono. Miaka mitatu hakikutoka mfukoni mwake. Kila anapoanza kazi anakishika mbele ya kamera, anahesabu. Siku ya kumwosha nilikitafuta kwenye nguo zake, sikukipata.

Vile vipande ulivyosema havionyeshi kitu, umevitupa kabisa?

Baba yako


23 Mei

Baba,

Shikamoo. Sina muda mwingi, shangazi anaondoka jioni na amekaa hapa kitandani kwangu anahesabu mabegi na kuniuliza ninaandika nini kirefu hivyo.

Sikuvitupa. Vilikuwa kwenye folda niliyoiita takataka. Nisamehe. Sisi wa kazi hii wote huvikata vipande hivyo, hata kuvitazama huwa hatuvitazami.

Viko kumi na tisa, maana siku ile aliizima na kuiwasha kamera mara nyingi. Kila kimoja ni kitambaa chako kimejaa picha nzima, naona hata mishono yako ya pindo. Na mkono wake, baba. Kidole gumba juu, ukucha wenye ule ufa wa mlango wa gari. Na anaongea. Nilikwambia sauti haimo kwa sababu nilitafuta kwenye filamu, sikutafuta kwenye takataka.

Mara nyingi anahesabu tu, "Moja, mbili, tatu, haya." Kwenye cha saba fundi sauti anamtania: "Wewe, picha zako zina baridi, utawapa watu mafua." Naye anajibu, nakuandikia neno kwa neno: "Si kamera. Ni kitambaa. Mzee alinikatia cha rangi ya maziwa, kina umanjano kidogo, akidhani ni cheupe. Kamera inaamini kile ndicho cheupe, basi inaufuta umanjano kwa kupaka kila kitu buluu." Yule anasema, "Si umwambie akukatie kingine?" Kaka anasema, "Nimwambie macho yake yamekwisha? Anaishi kwa hayo macho. Ukimwambia mzee, nakuvunja mguu."

Halafu anacheka kidogo na kusema, "Mdogo wangu anasema nimefumba jicho moja. Sasa hili moja lililobaki nalo linaona buluu. Ukoo wetu bwana."

Baba, hakukasirika. Miaka miwili nilidhani amekasirika, kumbe alikuwa na utani juu yake na mimi sikupiga simu kuusikia.

Nimeirudisha buluu. Vipande vyote kumi na tisa nimevirudisha mahali pake. Simu hii ya pili, yenye filamu yote, iko kwenye kopo la biskuti.

Binti yako


22 Juni

Mama, mwanangu mpendwa,

Salamu zangu na za Mama Vifungo. Goti lilelile. Mvua imekatika.

Nimemsikia. Aliposema "nakuvunja mguu" Mama Vifungo alicheka mpaka akashika meza, kisha akatoka nje akasimama muda mrefu. Mimi nikairudia. Sasa nairudia kila asubuhi kabla sijaondoa kifuniko cha cherehani. Anahesabu moja, mbili, tatu, haya, nami naanza kazi.

Nilishusha majora mawili ya kitambaa, moja jeupe na moja la rangi ya maziwa, nikayapeleka mlangoni kwenye jua. Nilitazama sana. Ikabidi nimwite Mama Vifungo anionyeshe lipi ni lipi. Kumbe miaka mitatu mwanangu alijua, na kila siku alikuwa akitoa mfukoni kosa langu, analishika mbele ya kamera, na kuitazama dunia kwa kosa hilo, ili mimi nisijisikie vibaya. Angeweza kununua karatasi. Karatasi iko kila duka.

Nami nimewaza, huyo ndiye wanayeniambia aliteleza. Mtu aliyebana pumzi picha isitikisike.

Yule bwana alikuja kuchukua suruali zake. Zilimkaa vizuri, lazima niseme ukweli. Akajitazama kwenye kioo, akageuka nyuma, akasema, "Mzee, tumesikia binti anakuja mwezi wa kumi na mbili. Tutafurahi kumpokea." Nilikuwa na pini mdomoni. Sijawahi kuzishukuru pini kama siku hiyo. Tarehe hiyo nilimtajia Mama Vifungo peke yake, na wewe, naona, ulimtajia shangazi. Simlaumu, hana ubaya, ana mdomo. Lakini sasa wanajua na wanasubiri.

Karatasi nimeitia sahihi. Nimetia kwenye mstari wa kwanza, filamu nzima, na zile dakika nne zote. Usikate hata anga. Ukikata, utakuja, utakaa kwenye kile kiti, na kila nikikutazama nitajua tumekukalisha hapo kwa kukubali kwamba aliteleza. Mimi sitaweza kushona. Nawe hutaweza kufanya hiyo kazi yako, nimekulea, nakujua.

Kwa hiyo usije. Nasema kama baba. Usije mwezi wa kumi na mbili. Ukisikia naumwa, usije. Ukisikia nimelala, fundi sauti na Mama Vifungo watanilaza vizuri, tumeshazungumza, na huyo mama ameshachagua vifungo vya shati nitakalozikwa nalo, mwache. Hukunitupa. Mimi ndiye niliyekwambia.

Kwenye bahasha kuna kitambaa. Nimekikata kwenye jora la maziwa, safari hii kwa makusudi, na pindo nimelishona kwa mkono pande zote nne. Mishono mingine imepinda, uniwie radhi. Ukipiga picha, ionyeshe kamera kitambaa hiki kwanza. Kidole gumba kiwe juu.

Na koti ulisema linapwaya kiunoni. Vile vipimo vya nyuma ya mlango si vyako tena. Asubuhi ya leo nilichukua kitambaa kibichi nikavifuta. Nimeacha hapo mahali patupu, na chaki iko juu ya kizingiti. Nunua tepu ya kupimia, jipime mwenyewe, kifua, kiuno, urefu wa mkono, simama wima na usiivute sana. Ukiacha koti lako, maisha yangu yote sijamshonea mtu bila kumjaribisha, lakini nitajifunza. Nitumie namba, uziandike kubwa.

Baba yako